Kiganja Hakiumi Tena

Ijumaa, magharibi imeshaingia. Maskati leo ina unyevu wa kulowanisha shati hata ukiwa umekaa, na mimi nimekaa garini nje ya nyumba yangu mwenyewe. Sitaki kuingia ndani.

Kiganja changu cha kushoto hakiumi. Ndiyo habari yenyewe ya leo.

Mwanangu Nasri, anayemaliza sekondari mwakani, ni mrushaji wa besiboli. Ndiyo, besiboli, humu humu Maskati, ambamo sisi tuna kandanda na Wahindi wana kriketi yao. Aliupata mchezo huo shuleni kwa mwalimu wa Kimarekani, na kwa kuwa hana wa kumdakia, namdakia mimi. Kila jioni nachuchumaa kwenye kiwanja cha mchanga, magoti yakinilaani, nimevaa glavu mkono wa kushoto. Mpira ukitua ananiuliza, "Baba, imeuma?" Nikikubali, hucheka hadi jino la mwisho.

Vyuo vya Marekani huchagua warushaji kwa kasi ya mkono. Kocha hafungi safari kuja huku. Hutazama vidio na namba kwenye kipima kasi. Basi tukamweka Nasri mtandaoni. Kocha mmoja akaandika kwamba amempenda, amebakiwa na nafasi moja, na anataka vidio mpya kabla mwezi haujaisha. Kasi isipungue maili themanini na tano kwa saa.

Tangu siku ile kasi inashuka tu.

Mama yangu, ambaye tunaishi naye, hakuhitaji kipimo chochote.

"Nnakwambieni, hilo jicho tu," alisema. "Mtoto mmemwanika dunia nzima imtazame. N'nani kati yao anosema mashaallah?"

Akafukiza ubani, akamsomea, akampa maji ya kisomo anywe. Nasri, ambaye siku zote huukimbia moshi ule, safari hii alitulia mpaka mwisho. Asubuhi yake akatangaza amepona. Nami nilifurahi, mjinga mimi.

Leo mchana tulikaa kulizunguka sinia la wali, kama kila Ijumaa. Nikamwona. Hainui tonge. Anainamisha kichwa kulifuata, kwa sababu mkono wa kulia, ule wa kurushia, hauendi juu.

Hapo ndipo nilipoelewa. Husda husomewa, ikaisha. Bega huenda kwa daktari, na daktari atamwambia apumzike, labda kwa miezi. Mwanangu amejichagulia ugonjwa wenye dawa ya haraka.

Nilimwambia twende hospitali.

"Bibi keshanisomea, Baba," akajibu, bibi yake akiwa pale pale, na mama akatabasamu kwa raha.

Ningesema nini? Nikishikilia, namwambia mama yangu kisomo chake hakikufaa kitu. Nikinyamaza, mtoto anaumaliza mkono. Nikimburura kwa daktari, kocha atachukua mwingine, na Nasri atajua maisha yake yote ni nani aliyemfungia mlango. Mtu mzima mimi, wafanyakazi ofisini wananiogopa, na nimeshindwa na watu wawili wa nyumbani kwangu.

Nimechoka. Kila upande ninaogeukia, naumiza mtu.

Laasiri alinikabidhi glavu kama kawaida. Nilitaka kumwambia leo basi. Badala yake nikachuchumaa. Akarusha. Niliuona uso wake ukikunjamana kabla mpira haujafika, na ulipofika uliingia kwenye glavu polepole, kama kitu kilichowekwa.

"Baba, imeuma?" aliuliza, kwa sauti ndogo.

Nikavua glavu. Nikakisugua kiganja.

"Imeuma," nikamwambia.

Hakucheka. Alinitazama kidogo, kisha akainama kuokota mpira mwingine, kwa mkono wa kushoto.

Kesho atanikabidhi tena glavu ile. Nitapata wapi ubavu wa kuikataa?