Kufuli la Domokaya

Kwako Baba mzazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, mgongo umetulia na lori limepoa. Sisi huku hatujambo. Shangazi kifua kimepona na sauti imemrudia yote, majirani ni mashahidi. Mimi nina afya tele ila sina pa kulala pa maana, jambo ambalo nadhani unalijua, kwa kuwa wewe ndiye uliyeliagiza.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu zangu hupokei. Utingo wako amekuja kufuata beringi, akaniletea salamu zako: kwamba mimi ni mwizi, nimekufungia akaunti yako, na ukirudi usinikute. Nimemwambia asubiri nimalize chai ndipo nikujibu. Jibu lenyewe ni hili, Baba: ni kweli nimekufungia, na sifungui. Sasa kaa chini nikueleze. Kama macho yamechoka, mwachie utingo akusomee, ila nitakapokwambia umnyang'anye karatasi, mnyang'anye.

Unaikumbuka sheria yako ya nyumba moja, neno moja. Ulisema mtu anayejiwekea neno lake la siri ndani ya familia ana lake jambo. Basi jina la mama na mwaka wa ndoa yenu vikawa vinafungua simu yako, barua pepe yako, simu ya shangazi, mpaka televisheni. Shangazi akaliandika kwa chaki ndani ya mlango wa kabati la vyombo, ikawa watoto wa jirani wakija kuazima sufuria wanalisoma kwa sauti. Nilipokwambia kwamba hiyo si siri, hilo ni tangazo, uliniuliza nimesoma wapi. Jibu unalijua na mimi nalijua.

Kisha simu yako ikavunjika kioo safarini. Ungeniletea mimi, lakini wewe ukaona mwanao ni wa kuchaji betri tu, ukampa fundi wa stendi. Sisi mafundi simu tuna mazoea yetu: tukipokea simu ya mtu tunabandika kipande cha plasta nyeupe mgongoni mwake na kuandika neno lake la siri, ili tuweze kuifungua na kuijaribu. Kazi ikiisha, fundi mwenye adabu anabandua. Huyo wako hakubandua, na wewe pia hukubandua. Ukawa unatembea na neno la familia nzima mgongoni mwa simu, kama lori na kibao chake cha namba.

Hapo bado ungepona. Lakini nani alikutuma ujipige picha kwenye kioo cha pembeni cha lori, kofia imekaa upande, simu umeinua kifuani, plasta inang'aa kama jino la dhahabu? Tena ukaitupa kwenye kundi la madereva, watu ambao nusu yao huwajui hata kwa sura, wakakusifu umependeza. Najua utasema maandishi kwenye kioo yanageuka. Ni kweli, Baba. Ila mwizi naye kwake ana kioo.

Asubuhi moja nimekaa mezani kwangu dukani kwa Mzee Bisibisi, huyu tajiri wangu wa kutengeneza simu, ujumbe wako ukaingia. Ulianza kwa kuniita mwanangu mpendwa, ukaniuliza nimeamkaje, halafu ukaniomba tafadhali nikutumie ile namba ya kufungulia akaunti yangu iliyoingia kwenye simu yangu muda huo huo. Nikaweka koleo chini. Mwanangu mpendwa? Tafadhali? Tangu nizaliwe hujawahi kuniambia tafadhali. Hata siku ile jeki ilipokubana mguu, uliniita mpumbavu kwanza ndipo ukaniambia nivute. Nikajua papo hapo kwamba huyu si baba, huyu ana malezi.

Nikampigia shangazi mbio. Akaniambia nimechelewa, yeye namba yake keshaituma, tena na dua juu, na kwamba alifurahi kuona kaka yake siku hizi ana lugha laini. Nikajishika kichwa.

Nikaingia kwenye akaunti yako ya barua pepe, inakohifadhiwa kila kitu cha simu yako, kwa neno lile lile la kabatini. Nikakuta simu ngeni zimo ndani, zimekaa kama wageni waliovua viatu. Picha za harusi hazipo. Sauti za mama hazipo, zile anazokuuliza umefika wapi, umekula nini, mbona unakohoa. Najua huwa unazisikiliza barabarani. Utingo kaniambia, usimgombeze. Nikafungua pipa la taka, nikamkuta mama humo pamoja na risiti na matangazo. Mwizi alikuwa anafagia nyumba ahamie.

Nilimtoa mama kwanza. Kisha nikazifukuza simu zote, na yako ikiwemo, sikuwa na nafasi ya kuchagua. Nikabadilisha neno la siri, nikaongeza na kufuli la pili: atakayelijua neno jipya bado ataombwa namba, na namba hiyo inaingia kwenye simu yangu mimi, kwa kuwa yako ilikuwa haipatikani. Mzee Bisibisi alisimama nyuma yangu akasahau hata kukohoa. Sijisifu, Baba, ila vidole vilikwenda.

Hapo nilitegemea kuchinjiwa kuku. Badala yake niliitiwa kikao, kwa agizo lako. Walikuwepo shangazi, baba mkubwa, na mshonaji wa jirani ambaye hakualikwa ila alikuja na kiti chake. Mwenyekiti alikuwa shangazi, ambaye akaunti yake mpaka leo iko mikononi mwa mwizi na kila asubuhi inawaandikia hata wateja wa mshonaji, ikiwaita wapendwa na kuwaomba namba. Nyumba yake inaungua, yeye ananifundisha kuzima moto! Wakasema mtoto hawezi kushika ufunguo wa baba yake, nilitaje neno mbele ya wote. Shangazi alishatoa chaki.

Nikawaambia sisemi. Wakaniuliza najiona nani. Nikawajibu najiona mtu mwenye neno mbele ya watu wasio nalo. Baba mkubwa akanibembeleza nimwandikie yeye tu kwenye karatasi, atalitunza kwenye soksi. Nikakataa. Akasema nina dharau. Nikamwambia dharau ninayo, neno pia ninalo, na vyote viwili sivitoi. Mshonaji akacheka mpaka kiti kikalia, shangazi akanirushia mfuko wangu wa nguo. Tangu hapo nalala chini ya meza dukani, nimezungukwa na nyaya za chaji kama boga shambani, na bado sisemi. Mnaniita Domokaya tangu utotoni, eti kunipa siri ni kuteka maji kwa tenga. Haya, tenga limeshika maji, mnalipiga mateke.

Sasa mnyang'anye utingo karatasi.

Neno jipya siliandiki hapa, ila wewe unalo. Siku niliyoacha shule nikarudi nyumbani na begi, ulisimama mlangoni, soksi moja mguuni, nyingine mkononi, ukaniambia sentensi moja. Mama alikuwa ameshatutoka, shangazi alikuwa sokoni. Hakuna aliyeisikia isipokuwa mimi na wewe, na sijawahi kumsimulia mtu. Ni ndefu na ina tusi katikati. Hakuna mwizi atakayeibahatisha. Iandike yote, bila kuacha nafasi, bila kupunguza ukali. Wanasema mtenda husahau, mtendewa hasahau. Ukiikumbuka, utaingia, utamsikia mama. Usipoikumbuka, kaa kando ya barabara uitafute. Lori lenyewe haliendi popote mpaka beringi ifike.

Wala usidhani nimeichagua nikuumize. Mwizi alikuwa ndani na mimi nilihitaji neno ambalo sitalisahau hata nikiamshwa usingizini. Lilikuwa hilo moja tu.

Ukishaingia libadilishe, weka la kwako, na usinitajie hata mimi. Na hiyo plasta, Baba, ibandue leo, mbele ya utingo, ashuhudie.

Kulala nalala dukani, ila nyumbani sijahama. Ukirudi utanikuta kizingitini, hapo hapo uliposimama wewe, na kama ni kunifukuza utanifukuza ana kwa ana.

Wasalimie madereva wote wa kundi, hasa waliokwambia umependeza. Shangazi anakusalimu, kaniamuru niandike hivyo. Mzee Bisibisi naye anakusalimu na anasema simu ikivunjika tena, njia ya dukani kwake unaijua.

Limebaki kufuli la pili. Ile namba sitaituma kwa ujumbe, kwako wala kwa malaika. Itabidi unipigie, nikusikie kwa sikio langu, ndipo nikusomee. Na ili nijue kwamba ni wewe, unitukane kwanza kama kawaida. Ukisema tafadhali, nakata.

Ni mimi mwanao,
Domokaya