Ugonjwa Niliomsingizia Mama

Mpemba, Tunduma.
Alhamisi, 24 Oktoba 2024.

Mpendwa mdogo wangu Atuganile,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwetu kwenye vumbi. Hamjambo huko kisiwani Utende? Shemeji Sufiani mguu wake umepona, au bado anachechemea akiwapeleka wageni kwenye boti? Na Mama je, analala vizuri? Anakula? Nakuomba usimpe barua hii kabla hujaimaliza wewe mwenyewe. Ukifika mwisho utajua kwa nini nimeituma kazini kwako jikoni na si nyumbani.

Sisi hatujambo kwa kiasi. Shemeji yako Shadrack anakohoa tu, kwa huu upepo wa Oktoba hakuna asiyekohoa. Foleni ya malori ya mpakani imerudi nyuma hadi huku kwetu Mpemba, madereva wanapika ugali chini ya matela yao. Duka langu la vitenge linakwenda. Wateja wa upande wa Zambia wanaingia na salamu yao ya "mulishani", nami nawajibu kwa kucheka kwa sababu Kibemba changu kinaishia hapo hapo. Mvua bado haijanyesha.

Utauliza mbona sikupiga simu. Nimepiga mara tatu wiki hii, na mara zote Mama ndiye amepokea, tena ameweka sauti ya juu ili jirani zako nao wanisalimie. Mambo niliyonayo hayasemeki hivyo. Halafu najijua, nikiyasema kwa mdomo nitayapunguza. Yahaya, yule binamu yake Sufiani anayeendesha lori, anaondoka leo jioni na amekubali kukupelekea barua mpaka kwenye boti za Nyamisati zinazovuka kuja huko kwenu.

Kwanza nikushukuru kwa zile jumbe zako ndefu kuhusu siku za Mama huko. Nazisoma hata mara nne. Kwamba asubuhi bahari inapokupwa mnatembea naye kwenye mchanga mpaka miguu inachoka. Kwamba anakunywa madafu mawili kabla ya saa nne. Kwamba amelala mchana kwenye kitanda cha wavu, Mama yetu huyu, ambaye sijawahi kumwona amelala jua likiwa juu hata alipokuwa na malaria! Na pweza amekula akidhani ni utumbo wa ng'ombe. Ulivyoniambia kwamba wifi yako Zaitun amemfundisha kuelea juu ya maji, amefumba macho, kanga inamzunguka, nilifunga mlango wa duka nikalia. Nilifurahi, lakini kwa upande mwingine nilikuwa tayari nimeharibu.

Ngoja nieleze.

Unakumbuka tuliposhauriana, wewe ulisema aje mwezi huu kwa kuwa potwe, wale papa wakubwa wasiouma, ndio wanaanza kuonekana, na lodge unayopikia haina wageni wengi. Mimi nikakubali haraka haraka. Tukasahau kitu kimoja ambacho sisi tuliozaliwa kwenye kahawa hatukupaswa kusahau. Kahawa ya mwisho ilikuwa bado iko mitini. Kwetu kijijini, kahawa ikiwa mitini mtu haondoki ila kwa msiba, hospitali, au mtoto wake kuoa au kuolewa. Mama aliondoka Jumatatu alfajiri na basi, hakumuaga mtu, maana na yeye aliona aibu. Aliniachia mimi kazi ya kuwaambia.

Jumapili iliyofuata nilipanda kwenda kijijini kuangalia nyumba, nikaingia kanisani. Mwinjilisti Nathanaeli alipomaliza matangazo akaniita mbele ya watu wote. "Restuta, tunamwona mama yako hayupo kwenye benchi lake. Kuna nini nyumbani?" Akina mama wote wakanigeukia, Atu, mikono yao imepasuka kwa kuchuma. Ningesema nini? Kwamba amekwenda kisiwani kukaa kwenye kivuli na kutazama samaki? Nikasema, "Amekwenda kuangaliwa afya yake." Ni maneno manne tu, nikakaa. Nilijiona nina akili.

Sasa wewe unawajua watu wetu. Kufika jioni ilikuwa ni mgongo. Kufika Jumatatu ilikuwa ni uvimbe tumboni, na huko kisiwani kuna daktari Mwarabu anayetibu bila kupasua. Huyo daktari sikumtunga mimi, naapa. Lakini nilipigiwa simu kuulizwa kama ni kweli, nikasema, "Tuombe Mungu." Hivyo ndivyo nilivyojibu. Sikukataa wala sikukubali, na kwa kweli hilo ni baya kuliko kukubali.

Ijumaa umoja wa akina mama wakafunga na kuomba kwa ajili yake. Jumamosi wakaja shambani watu ishirini na wawili na vikapu vyao. Wakachuma kahawa yote iliyobaki, wakaimenya kwa mashine ya mkono, wakaiosha, wakaianika kwenye vichanja na kuifunika vizuri. Wameacha ya kwao mitini. Aliyewapanga ni mama mdogo Dina, yule rafiki wa Mama. Nimemwona kwa macho yangu akizungusha mkono wa ile mashine kwa mkono wa kulia peke yake, wa kushoto ameubana kifuani. Nikafikiri amechoka. Nikampa maji.

Baadaye ukatuma ile picha ya Mama amesimama majini mpaka magotini, mashavu yamejaa, anacheka mpaka pengo linaonekana. Mimi mjinga nikaionyesha. Nilitaka waone dua zao zimejibiwa, wafurahi, na mambo yaishe hapo. Walifurahi kweli, mmoja akaimba. Mama mdogo Dina hakuimba. Aliomba simu, akaitazama ile picha muda mrefu, akanirudishia. Basi nami nikarudi zangu Tunduma.

Jumatatu ya wiki hii saa tatu asubuhi namwona huyo mlangoni pa duka. Amevaa gauni lake la kanisani, ana begi na kilo mbili za kahawa ya kusaga kwenye mfuko. Nikamwambia karibu mama mdogo, kuna usalama? Akasema usalama upo, anataka nimwelekeze njia ya kwenda kwa yule daktari aliyemtibu mwenzake. Kahawa ni ya daktari. Alikuwa amepanga kumsubiri Mama arudi waende wote, lakini ameona asisubiri tena.

Nikamvuta ndani, nikafunga duka. Akanionyesha. Sitakuandikia nilichokiona, wewe ni mwanamke utaelewa nikisema ni titi la kushoto, na ngozi imeanza kuvutwa ndani. Lipo tangu Pasaka. Hakumwambia mtu, hata Mama. Mwezi wa tisa alikwenda mwenyewe hospitali ya wilaya, wakamwandikia karatasi ya kwenda Mbeya, tarehe nane ya mwezi huu. Tarehe nane ilipofika hakwenda, kwa sababu alikuwa ameshasikia habari za daktari asiyepasua. Mdogo wangu, aliiacha tarehe yake kwa ajili ya maneno yangu manne.

Nilimwandalia chai, nikaiacha kwenye chupa. Nikamwambia hakuna daktari. Nikamwambia yote: kwamba Mama haumwi chochote, amekwenda kupumzika kwa mtoto wake, na mimi ndiye niliyesema uongo kwa kuona haya. Nilijua atanipiga, na ningekaa anipige. Hakunipiga. Nje malori yakawa yanapiga honi. Halafu akauliza swali ambalo sikulitegemea.

"Sasa kule anafanya nini siku nzima?"

Nikatoa simu, nikamsomea jumbe zako moja baada ya nyingine. Mchanga, madafu, pweza. Kwamba Mama alipoona wanawake wanafunga mwani kwenye kamba hakuweza kuvumilia, akaingia kuwasaidia mpaka ukamtoa kwa nguvu. Nilipofika pale Sufiani alipowapeleka kumwona potwe, na Mama alipoona lile lisamaki lina madoa kama kitenge akaanza kulikemea kwa jina la Yesu, mama mdogo alicheka mpaka akashika ubavu. Alicheka, Atu, nami nikacheka naye kidogo. Kisha kicheko kikageuka, akalia. Akasema, "Nina miaka sitini na miwili. Hakuna mtu aliyeniambia kwamba mtu anaweza kwenda mahali akakae tu. Mimi kwenda mahali nimeambiwa ni mpaka uumwe."

Maneno hayo yamenikaa. Nimejiuliza hivi mimi kanisani nilikuwa namlinda nani. Nilimwonea aibu Mama kwa kupumzika, nikaona heri awe mgonjwa.

Hakutaka kwenda Mbeya. Alisema tarehe imepita, watamfokea. Nikamwambia watakayemfokea ni mimi. Jumanne alfajiri tukapanda gari, Shadrack akabaki na duka. Hawakutufokea. Daktari ni dada mdogo tu, mpole, akamwuliza tangu lini, akamwangalia pande zote mbili na kwapani, akamtoa kipande cha nyama cha kupimwa. Nilimfuata nje nikamwuliza kama hizi wiki mbili zina maana. Akasema, "Kila wiki ina maana, ila shukuruni amekuja." Majibu ni tarehe saba Novemba, na siku hiyo hiyo ndipo watasema kama ni kupasua au namna nyingine. Tangu hapo silali. Nikimwona mtu amevaa gauni la rangi kama lile la kanisani la mama mdogo, nasimama kumtazama mpaka apite.

Sasa ninachokuomba. Mkalishe Mama mahali palipotulia, umwambie yote kama nilivyoyaandika, usinipunguzie hata sentensi moja. Usimwambie ni watu walioelewa vibaya. Mwambie ni Restuta. Atakasirika, na akinikasirikia ana haki. Tiketi yake ya kurudi ni ya tarehe tisa Novemba, siku mbili baada ya majibu. Mama mdogo ameniagiza kwa msisitizo kwamba asikatize siku zake, akae azimalize, na aelee kwa niaba yake. Mimi sikuambii umrudishe wala sikuambii umzuie. Ila tunamjua. Hawa wawili wamebebana tangu wakiwa wasichana wa kuteka maji, na sidhani kama Mama atakubali rafiki yake aingie kwenye chumba cha daktari kupokea majibu akiwa ameshikwa mkono na mimi. Akiamua kuja, mkatie tiketi mapema, msingoje.

Jumapili hii napanda kijijini. Nimeshazungumza na Mwinjilisti Nathanaeli, hakunisema sana, aliniuliza tu kama najua akina mama wale walifunga siku ya kazi nzito bila hata uji. Nitasimama kabla ya matangazo niwaambie kwamba Mama hakuwa mgonjwa, alikwenda kupumzika, na kwamba mimi ndiye niliyewadanganya. Habari ya mama mdogo sitaigusa, hiyo ni yake. Naogopa, Atu. Naogopa kuliko siku ya kuzaa. Naogopa macho yao, na naogopa Mama akirudi wamtazame kama mwizi wa dua zao. Nimemwambia mama mdogo kwamba nikisimama pale huenda maneno yasitoke. Akasema atakaa benchi la mbele kabisa, yakigoma nimwangalie yeye.

Nisalimie shemeji Sufiani na wifi Zaitun aliyemfundisha Mama kuelea, mwambie namshukuru kutoka moyoni. Shadrack anakusalimu, na anasema hiyo barua ni ndefu mpaka Yahaya atadhani ni mzigo. Wabusu wanao. Mungu aliyewafikisha huko ng'ambo ya maji awalinde, na huruma yake itutangulie sisi tunaoingojea tarehe saba.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata kama leo umenikasirikia,

Restuta