Kiti cha Kulia

Baba Keza,

Usijidanganye kwamba nimekukumbuka. Tangu tuachane nina amani yangu hapa Spånga. Ila Alhamisi nina mtihani wa nadharia ya udereva, na kila nikifungua video za mazoezi ya kutambua hatari barabarani, wewe umo.

Unakumbuka siku uliyojitia kunifundisha, kwenye maegesho ya Vällingby? Nilifungua mlango wa kulia, nikakaa, nikanyoosha mikono kutafuta usukani, nikashika kile kisanduku cha kuwekea makaratasi ya gari. Kwetu Kigoma usukani uko kulia, hapa uko kushoto, na mwili wangu ulikuwa bado haujahamia Sweden. Ulicheka mpaka machozi. "Ehee! Kiti chako umekijua mwenyewe!" Somo likaishia hapo. Jumapili kanisa zima lilikuwa na habari, na ulisimulia vibaya, maana hata kusimulia hujui.

Nikakaa kulia miaka tisa. Nawe dereva gani! Mkono mmoja kwenye usukani, mwingine unatafuta wimbo kwenye simu. Mwenye macho nilikuwa mimi. Siku ile basi limesimama, naona miguu midogo inakimbia mbele yake. "Baba Keza, mtoto!" Ukajibu, "Nyamaza, dereva ni mimi." Yule mtoto alipona kwa sababu mamake alimvuta, si kwa breki zako. Tangu hapo nikawa nakanyaga zulia tu, kimya, mguu umekaza kana kwamba kuna breki.

Sasa hizi video zinataka ubonyeze mara tu hatari inapoanza. Wiki tatu nilikuwa nafeli. Naona vizuri, lakini kidole kinasubiri. Mwalimu wangu, mama mmoja wa Kiganda, akaniuliza, "Dada, macho unayo. Unangoja ruhusa ya nani?" Niliona aibu sana. Kumbe nilikuwa nangoja ruhusa yako, wewe unayechana ndevu kwenye kioo cha gari huku taa imeshakuwa kijani!

Siku hizi Keza anakaa kando yangu. Akiona nasita anapiga kelele kwa Kiswidi chake, "Tryck, mamma!" yaani bonyeza. Nabonyeza. Jana sikukosa hata moja. Nikipata leseni, hii kazi yangu ya kuhudumia wazee majumbani inakuwa ya kudumu, na gari napewa. Nisipoipata, narudi kungoja kupigiwa simu mfanyakazi mwingine akiugua. Naogopa, sikufichi, lakini si kama nilivyoogopa nikiwa kando yako.

Nasikia wamekunyang'anya leseni kwa mwendo kasi, na sasa unapanga foleni ya basi huko Vårby gård. Pole, ila si sana.

Siku nikikukuta kituoni nitasimama, mimi sina roho mbaya. Utakaa kulia. Na ukiona hatari, nyamaza.

Ni mimi,
Mama Keza