Jiwe la Baba Yako Lirudi

3 Machi

Mjukuu wangu, mke mwenza,

U mzima? Mimi mzima, macho tu yamegoma kidogo. Anayeandika ni jirani, fundi cherehani. Nimemwambia asinirembeshee maneno. Miezi mitatu kimya! Umekufa? Kama umekufa, sema.

Bibi yako

19 Machi

Shikamoo Bibi,

Sijafa, ila natamani. Unakumbuka yale mawe mawili ya konokono aliyochimbua Baba machimboni? Langu nililileta hapa makumbusho, kazini. Si konokono, Bibi. Ni amonoidi, jamaa wa pweza, aliyetoweka kabla ya mtu wa kwanza. Nilisema hii ni spishi mpya. Ushahidi ni mishono, mistari iliyo chini ya gamba, imejipinda kama ukingo wa jani. Nikalisugua gamba ili ionekane. Nikapitiliza. Nimeifuta yote.

Tarehe ishirini Aprili wakubwa watakaa. Bila mishono wataliweka kwenye spishi ya zamani, nami nitafukuzwa. Miaka minne, kwisha. Limebaki lile la kaburini kwa Baba. Naona haya hata kuomba.

Mjukuu wako

2 Aprili

Wewe mtoto,

Nimekutukana siku mbili, fundi akakataa kuandika. Lile ndilo alama pekee ya baba yako. Hana saruji, hana kibao. Nimeling'oa mwenyewe, nikachomeka kijiti. Limo kwenye kifurushi hiki, nimelifunga na gauni langu. Gauni baki nalo. Jiwe lirudi. Umesikia? Lirudi. Na ule, najua huli.

Bibi yako

28 Aprili

Shikamoo Bibi,

Mvua ya miaka kumi na moja imelila gamba taratibu kuliko mkono wangu. Mishono yote ipo! Wamekubali. Spishi nimeipa jina la Baba.

Lakini jiwe lililoanzisha spishi halitoki makumbusho, milele. Ndilo shahidi, atakayebisha aje alitazame. Nilijua tangu mwanzo, sikukwambia. Nitaleta kibao kizuri. Nisamehe.

Mjukuu wako

30 Juni

Mke mwenza,

Fundi amenisomea mara tatu, nikidhani anakosea. Macho hayakugoma kidogo. Yalizima mwaka jana. Mwanangu nilikuwa nampata kwa kupapasa. Mawe mengine pale ni laini, lake tu lilikuwa na mizunguko. Kijiti mbuzi wamekwenda nacho. Aliyechimba kaburi naye kazikwa hapo hapo makaburini, hakuna wa kunionyesha.

Hasira ninazo, na wewe bado ni wangu. Kibao usilete. Utakiweka juu ya nani?

Jana nimekwenda hivyo hivyo. Nimewasalimia wote, mmoja mmoja. Mmojawapo ni mwanangu.

Bibi yako