Ujumbe Uliongoja Saini Yangu

Tarime, Ijumaa. Mvua tangu asubuhi, bati la ofisi linapiga kelele. Heri, maana leo sikutaka kusikia mtu wala kusikika.

Robi amerudi kazini. Amenyoa nywele zote.

Niandike yote, nisijifiche. Mimi ni mkuu wa masjala na mawasiliano katika shirika letu la umma. Mafaili, mashine za chapa na redio ya upepo ya kutumiana ujumbe na ofisi nyingine viko chini yangu, pamoja na watu wawili: Robi mpiga chapa, na Mzee Marwa wa redio. Mzee Marwa ni rika la baba yangu. Kila asubuhi namwamkia shikamoo, halafu naketi na kuanza kumwamrisha.

Mwaka jana alipokea habari kwamba trekta la vijiji vya ujamaa limeshaondoka Musoma. Kwa furaha akaitangaza pale uani. Wananchi wa Nyakunguru wakashinda barabarani na ngoma zao, na trekta halikuja. Meneja aliaibika mbele ya watu wa Chama, nami nikasemwa vibaya. Nikampa mzee barua ya onyo kali. Robi ndiye aliyeichapa. Kisha nikaweka utaratibu: kila ujumbe wa redio uandikwe, ufungwe katika faili jekundu, ukae mezani kwangu, usitoke bila saini yangu. Nilijisifu sana. Nilisema sasa idara imenyooka.

Imenyooka kweli!

Jumatatu, wiki mbili zilizopita, nilikwenda vijijini kukagua madaftari. Mchana huohuo redio ikaita kutoka Mugumu: mama yake Robi amelazwa, hali ni mbaya, binti aje upesi. Mzee Marwa akaandika, akafunga katika faili jekundu, akaliweka mezani kwangu. Meza ya Robi iko hatua mbili tu kutoka hapo. Siku nne alichapa kazi zangu, faili liko nyuma ya mgongo wake.

Jumatano mzee alishindwa kuvumilia. Akamwambia, "Mwanangu, huendi kuwasalimu nyumbani?" Robi akacheka, akasema Ndugu Mkuu amemwachia taarifa ndefu, akiondoka kabla ya kuimaliza Mkuu atamnyonga. Haya amenisimulia mzee mwenyewe huku analia. Sijawahi kumwona Mkurya wa umri ule akilia mbele ya kijana.

"Omura, kijana wangu, ulisema saini," aliniambia. Hilo tu.

Nilirudi Alhamisi jioni, nikasaini. Nilisaini nini sasa? Robi alipanda basi la alfajiri mpaka Mugumu, hospitali wakamwambia mama ameshapelekwa kijijini kwao, Machochwe. Alipofika huko alikuta kaburi bichi.

Leo nimempa pole. Hakunitukana. Laiti angenitukana. Alisema mama yake alikuwa akiuliza kila gari lililosimama pale hospitali, kama binti yake yumo. Halafu akafunua mashine yake, akauliza kuna kazi gani.

Mimi mtu mzima nikatoka nje, nikasimama kwenye mvua.

Niliporudi niliandika kwa mkono waraka wa kufuta ule utaratibu. Habari za ugonjwa na msiba apewe mwenyewe papo hapo, mkuu awepo asiwepo. Sikuwa na mpiga chapa mwingine, nikampa Robi. Ee Mungu wangu, nilimpa yeye! Alisoma mstari wa kwanza, akachapa. Hakukosea hata herufi moja.

Alipomaliza akaufunga waraka ndani ya faili jekundu, kama nilivyomfundisha, akaliweka mezani kwangu lingoje saini.

Watu wote wameshakwenda nyumbani. Faili liko mbele yangu na kalamu ninayo. Mbona mkono hauendi?