Vipande Vifupi vya Jiwe la Walubengo

Maelezo ya: Nicanor Oluoch, mwanaume, miaka 66 kwa kipande changu cha kitambulisho, mama alisema zaidi
Kazi: mkata mawe wa maabara
Makao: Raila, Kibera
Yameandikwa: Kituo cha Polisi, Kawangware, 19 Juni 1996, saa nne asubuhi

Nina akili timamu, ingawa nilisoma hadi darasa la tatu, tena nusu.

Mnamo tarehe 9 Aprili 1996, saa tatu asubuhi, rafiki yangu Walubengo, mtoboa mawe katika machimbo ya hapa Kawangware, aliniletea mawe ya kupimwa. Akasema, "Omera, ndugu yangu, kata vizuri. Sisi tunafanya kazi chini ya huo ukuta wa machimbo yalikotoka mawe haya." Nikamjibu, "Kwa hicho kichwa chako, ukuta ndio uogope."

Maabara ilitakiwa ipime kama jiwe hilo litastahimili mshtuko wa baruti. Mimi hukata vipande vya mviringo, halafu fundi huvigonga kwa chuma kinachorushwa kwa upepo. Niliagizwa urefu mmoja, kama mshumaa. Lakini kila kirefu kilinivunjikia mkononi. Nikaona uvivu kuagiza mawe mengine. Nikakata vifupi, kama kipande cha sabuni, nikaandika daftarini, "Urefu ni ule ule." Virefu nikavitupa.

Afande, kifupi hugoma kuvunjika. Vyuma vya mashine hukibana huku na huku, kinakosa pa kutanukia, na mashine inakisifu bure. Hayo nimeyaona miaka kumi na moja. Vile nilivyotupa ndivyo vilivyosema ukweli. Ripoti ikatoka: jiwe ni imara. Ukuta ukaachwa wima.

Tarehe 17 Juni, saa nane na dakika kumi mchana, nilikuwa kwenye lango la machimbo, nimemletea Walubengo mahindi ya kuchoma. Baruti ikalia upande wa pili. Ukuta ukashuka wote, ukamuua Walubengo. Yeye alikuwa amesimama pale pale nyapara alipowaambia wasimame.

Jana mkewe, Jentrix, alikuja kwangu. Akasema, "Mzee, nyapara anasema alikuwa amelewa. Ni kweli?" Mimi ninayemtania kila mtu, nilichukua vifaa vyangu nikaenda machimboni.

Hakuwa amelewa. Miaka ishirini nimemcheka kwa sababu ya kunywa soda tu. Andika hivyo kwanza, yangu baadaye.

Nimeleta vipande viwili: kifupi kilichobaki Aprili, na kirefu nilichokata jana kutoka ukuta ulioanguka.

Ni hayo tu niliyo nayo, na hakuna aliyenilazimisha.

Sahihi: N. Oluoch

Maandishi ya afisa: Nimemsomea shahidi maelezo yake, amekubali. Vielelezo viwili vimepokelewa. Kile kirefu kimevunjika nilipokuwa nikikifunga lebo. Shahidi aliviokota vipande mwenyewe.
Konstebo Nzomo