Ulipoliaga Jiji Zima kwa Ajili ya Mlima

Dada Mwanaidi,

Niko Magomeni kwa shangazi, chumba kilekile tulicholala mimi na wewe. Jua limeshazama lakini jiji halina habari: bajaji zinapiga honi, muuza kahawa anagonga vikombe vyake, na jirani bado ana ile redio isiyozimwa. Kesho alfajiri napanda basi la Moshi. Ndiyo, ninarudi mlimani. Usinicheke.

Wewe ndiye uliyeniponza. Wenzako wa kazini Kibaha walipopanga safari ya Kilimanjaro, uliandikisha jina langu kabla hata ya kuniuliza, halafu Jumapili ukanibeba kwenda kupanda vilima vya Kisarawe, eti mazoezi. Nilikulaumu njia nzima. Wewe uko mbele, kanga kiunoni, unaniambia mtoto wa Mlandizi kazoea tambarare kama bata.

Kisha tukaja mjini siku chache kabla ya safari. Mpango ulikuwa mzuri: tununue makoti ya mtumba Ilala, tule, tulale, tuondoke tuna nguvu. Asubuhi ya kwanza ulivaa koti la manyoya palepale juani, jasho linakutiririka, wauzaji wanakuita shangazi wa barafu, na wewe unazunguka kuwaonyesha mgongo. Nikajua siku zote zitakuwa za raha namna ile.

Kumbe mwenzangu ulikuwa na lako. Nyumbani kwetu safari kubwa tuliyowahi kuishuhudia ni ya babu kwenda Makka, na babu alipita nyumba kwa nyumba kuomba radhi. Basi na wewe, mtu wa kupanda mlima na kurudi, ukaona huwezi kuondoka kienyeji. Tukaanza. Buguruni, Temeke, Mbagala, mpaka Gongo la Mboto kwa yule binamu ambaye hata jina la mkewe tulikuwa hatulijui. Tukikataa chakula ni ugomvi, tukikubali ni kukaa mpaka chai ya jioni. Nilikula pilau mpaka nikawa na wasiwasi kama koti litafunga. Miguu iliniuma kabla sijauona huo mlima wenyewe.

Halafu tukafika Tandika, kwa mama mdogo Zuhura. Hamkuwa mmesemeshana tangu ulipoachana na mumeo, maana alitamka mbele za watu kwamba ni kiburi chako kilichokurudisha nyumbani. Nilikushika mkono pale mlangoni nikakuambia tumeshaaga wa kutosha, twende zetu. Ukaniponyoka. Ulimwamkia, ukakaa chini kwenye mkeka, ukamwambia unasafiri, na kwa unayoyajua na usiyoyajua unaomba radhi. Akauliza kama ni Makka. Ukasema hapana, ni Kilimanjaro.

"Mlimani ndiyo unakuja kuomba radhi?" akasema. "Umekuwa Nabii Musa wewe?"

Ulianza wewe kucheka, akafuata yeye, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa upindo wa kanga, na kicheko kilipokwisha machozi yakaendelea. Akakushika kichwa kwa mikono miwili. Alisema amekuwia radhi dunia na akhera, na wewe umwie yeye. Mimi nilikuwa kando ya mlango nalia utafikiri nimekosewa mimi. Nimeyaona mengi katika jiji hili, Dada, lakini kile chumba cha Tandika ndicho ninachokipenda kuliko yote.

Ya mlimani unayajua. Wewe ulifika kileleni, mimi kichwa kilitaka kupasuka pale kambi ya Kibo nikateremshwa. Ulinitania mpaka tunaingia Mlandizi.

Masika yaliyofuata homa ikakuchukua, hata hatukupata muda wa kuielewa. Sheikh alipowaomba watu wakusamehe, wakajibu walishakusamehe zamani, ulipita kuwaaga mmoja mmoja. Walisema kwa wema. Mama alipoletewa maneno hayo, aliyasikia vingine. Aliona mwanawe alijiaga mwenyewe, na ule mzunguko wetu wa jiji ndio ulioita kifo. Tangu siku hiyo neno radhi halitajwi nyumbani kwetu.

Ndiyo maana safari hii imenielemea. Nilipomwambia mama kwamba nakwenda kumalizia nilipoishia, alikuwa anachambua mchicha. Hakunikataza. Alisema nitafute koti zito, akaendelea na mchicha wake. Nilikaa barazani natazama malori ya bandari kavu ya Kwala yakipita, nasubiri aongeze neno. Nikaondoka bila kauli ya mama, na wewe unajua kwetu mtu haendi popote pa maana bila kauli ya mama.

Siku zote hizi mjini sijamuaga mtu. Naogopa. Mama mdogo Zuhura amenipigia simu kulalamika kwamba nimemtupa, nikasingizia foleni. Jiji bila wewe ni kubwa mno, nashinda chumbani nimekaa tu. Nimekukumbuka mpaka nimekasirika. Leo asubuhi nilishafunga mizigo yangu, si ya Moshi, ya kurudi Mlandizi.

Mchana mlango ukabishwa. Ni mama. Mama huyuhuyu ambaye mjini haji ila kwa msiba, amesimama na kikapu cha mihogo, vumbi mpaka magotini, hakumwambia mtu kwamba anakuja. Nilimpa shikamoo, nikapiga magoti palepale mlangoni, nikaanza: mama, kwa ninayoyajua na nisiyoyajua. Akaniziba mdomo kwa kiganja.

"Sikupi," akasema. "Radhi zako ninazo. Panda huo mlima wako, kisha urudi uje uzichukue mwenyewe, mkononi mwangu."

Sasa amelala upande wako wa kitanda, anakoroma kama kawaida yake. Kesho ndiye atakayenisindikiza stendi. Wewe lala pema, Dada yangu, na Mungu akuzidishie nuru huko uliko. Mimi ninapanda, na safari hii sina ruhusa ya kutorudi.

Mdogo wako,
kitindamimba wa mama